Kukuri Iliyofuliwa Kando ya Themi

Vijana, mkienda kununua kisu mnatazama kinavyong'aa, na hapo ndipo mnapopunjwa. Kung'aa ni kazi ya mchanga na mafuta. Hata bati la debe hung'aa. Mimi Ramadhani, ambaye kuanzia sokoni Arusha hadi gulio la Tengeru nilijulikana kwa jina la Bwana Makali, sikuanza kwa macho hata siku moja. Nilianza kwa sikio. Unakishika kisu kwa vidole viwili pale mpini unapoanzia, unaugonga ubapa kwa ukucha, unanyamaza. Kikilia sauti moja nyembamba na ndefu, chuma kimeshikana. Sauti ikikatika katikati, kama ya mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, ndani mna ufa hata kama huuoni. Mrudishie mwenyewe na umuage kwa adabu.

Shule niliiona kwa nje. Nilisoma chuoni juzuu chache kule kwetu Kondoa, kisha baba akafariki nami nikaja Arusha kwa miguu yangu, bila ndugu na bila kiatu. Nilianza kwa kunoa visu vya wachinjaji kwa jiwe nililookota mtoni. Nikaona kwamba anayenoa hula jasho, anayejua kuchagua hula wali. Basi nikajifunza kuchagua. Nilipanda mlimani kwa wahunzi, nikanunua sime na visu, nikashuka kuviuza. Wafugaji walikuja kwangu, wakulima wa kahawa walikuja kwangu, hata Wazungu wa mashamba walikuja na kofia mkononi. Nyumba yangu ya bati, ile mnayoiona nyuma ya msikiti, imejengwa na masikio haya mawili na kiganja hiki cha kulia. Hakuna aliyenishika mkono.

Sasa kiganja hicho kimekufa ganzi. Si uzee, mvi zangu bado ni za kutafuta. Ni kwamba kwa miaka mingi nilijaribu kila kisu kwa kukipiga kwenye gogo kavu la oloirien, ule mti mgumu ambao watu wa hapa hufukizia vibuyu vya maziwa, na kila pigo lilipita kwenye mfupa. Kiganja kisichosikia kisu kinavyotetemeka hakiwezi kumwambia mtu nunua au acha. Nikafunga banda. Sikutaka kudanganya watu kwa jina langu la zamani.

Lakini yale niliyojua msiyaache yapotee. Inua kisu usawa wa jicho, utazame mgongo wake kama unavyotazama kamba ya kujengea: ukienda upande, mhunzi alikipasha moto vibaya. Tazama mpini unapokutana na chuma. Ukiona nta nyingi pale, ujue inaficha nafasi. Kisu kizito mbele ni cha kukata miti, kizito nyuma ni cha kuchuna ngozi, na kisichokuwa na uzito popote ni cha kutundika ukutani.

Kisu cha kuagiza ni jambo jingine. Mteja anakuja na umbo kichwani mwake, na wewe lazima ulitoe humo bila kulivunja. Kosa langu la kwanza lilikuwa kwa mama mmoja wa Kipolandi, wale wakimbizi wa kambi ya Tengeru wakati wa vita. Hakujua Kiswahili, mimi sikujua chake. Akapunga mikono hewani kuonyesha umbo, nami nikachukua ule mpungo wa mikono ndio kisu. Tukamfulia kitu kilichopinda kama pembe ya mbuzi. Kumbe alitaka cha kunyooka tu cha kukatia kabichi, mikono ilikuwa inapunga kwa sababu ana haraka. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile nikajifunza: usimwulize mteja kisu kinafananaje. Mwulize atafanya nacho nini.

Swali hilo ndilo lililonifikisha kwenye jambo ninalotaka kuwaeleza leo.

Fundi wangu mkubwa alikuwa Sanare. Kibanda chake kilikuwa bondeni, kando ya mto Themi, juu kidogo ya mji, na ukifika asubuhi ulisikia viriba vya kupulizia moto vikihema kabla hujaona moshi. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza chuma. Alikuwa Mwarusha kwa lugha na kwa mavazi, lakini wa ukoo wa wahunzi, na wenzake hawakula kwake wala hawakuoa kwake. Kila sime iliyokuwa kiunoni mwao ilitoka mikononi mwake. Hata hivyo hakuna Mwarusha aliyeipokea kwa mkono mkavu. Kwanza alijipaka mafuta ya kondoo viganjani, ndipo akashika, ili mkosi wa mhunzi usimnate. Sanare mwenyewe alitundika pembe ya mafuta mlangoni kwa ajili ya wateja. Nami nilitundika yangu bandani, maana ukiwauzia watu lazima ufuate desturi yao.

Siku moja nilimwuliza, "Mzee, hawa wakijipaka mafuta mbele yako, huumii?"

"Wewe Mswahili unanawa kabla ya kula," akasema. "Chakula kimewahi kukulalamikia?"

Tukacheka. Kisha akageukia moto na kuongeza, bila kunitazama, "Ila wewe huwa unanishika mkono. Nimeona."

Vita ilipokwisha, askari wa mlimani walianza kurudi na makoti yao mazito na buti. Mmoja alikuwa Loserian, mtoto mkubwa wa Mzee Lomayani wa kule juu Ilboru. Alikuwa mrefu, mwenye macho ya mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Alisimama bandani kwangu, akaokota mkaa, akachora ukutani.

"Nataka hiki," akasema.

"Hiki ni kisu au ndizi iliyokanyagwa?"

Hakucheka. "Ni kukuri. Kisu cha Wagurkha, wale askari wa Nepali. Tulikuwa nao Burma."

Nikautazama mchoro. Ubapa ulianza mwembamba karibu na mpini, ukapinda kwenda chini, ukanenepa tumboni kisha ukachongoka. Chini, pale makali yanapoanzia, alikuwa amechora pengo dogo, dogo sana, kama jino lililong'oka.

"Utafanya nacho nini?" nikauliza.

Alikaa kwenye gogo langu la kujaribia, jambo ambalo nisingemruhusu mtu mwingine. "Nitampa baba."

Wakati ule Arusha nzima ilijua habari ya baba yake. Wana wake wawili walikwenda Burma, akarudi mmoja. Barua ya serikali ilifika, Mzee Lomayani akasema karatasi haijui watoto wake. Kila jioni aliamuru maziwa ya mdogo yawekwe kwenye kibuyu chake. Kulikuwa na binti aliyechumbiwa kwa ajili ya mdogo huyo, ng'ombe walikwisha kwenda kwao, naye akawekwa pale kumsubiri mtu asiyekuja, akikua mbele ya macho ya watu. Mdogo aliitwa Meliyo. Jina hilo sikuambiwa na Loserian, kwa kuwa Waarusha hawalitaji jina la aliyekufa. Nililijua kwa sababu baba yake alilitaja kila mahali, sokoni, barazani, kwa sauti: Meliyo akirudi tutapanda migomba ile, Meliyo akirudi tutauza yule fahali. Kila alipolitaja watu walitazama chini.

"Nilimwambia baba nimemzika kwa mikono yangu," Loserian akasema. "Akaniuliza, kama umemzika, umeleta nini chake?"

"Ukamjibuje?"

"Sikuleta kitu." Akasugua mkaa vidoleni. "Alikuwa na kukuri. Alibadilishana na rafiki yake Mgurkha, akampa kibati chake cha ugoro. Alikipenda kisu kile, akilala nacho. Nilipomzika ningeweza kukichukua. Sikuwa na moyo wa kumvua."

Tukashuka pamoja hadi Themi. Sanare aliutazama mchoro, safari hii mchangani, akauzunguka mara kadhaa kama mtu anayenunua ng'ombe. Akachukua kipande cha springi ya lori, chuma bora kuliko chochote kinachouzwa, akaanza kazi.

Kukuri ya kwanza ilikuwa nzuri kuitazama. Sanare aliichovya nzima kwenye ndoo ya maji, kama tulivyozoea kwa sime, ikalia fssss, tukafurahi. Niliipeleka bandani, nikaigonga, ikaitika vizuri. Nikaipiga kwenye gogo la oloirien. Ikakatika katikati, na kipande cha mbele kikaruka kikapita karibu na sikio langu. Sanare, ambaye alikuwa ameshuka mjini siku hiyo pamoja na Loserian kwa ajili ya jaribio, alikiokota kipande akakishika kifuani kama mtu aliyeumiziwa mtoto. Katika kazi yote niliyofanya naye sikuwahi kuona chuma chake kikikatika.

Loserian akasema polepole, "Wenyewe hawachovyi, mzee. Nilimwona mhunzi wao kambini. Anaipasha moto, halafu anamimina maji kwenye makali tu, kwa birika."

"Birika la nini?" Sanare akauliza.

"La chai."

"La chai," Sanare akarudia. Akanitazama mimi. "Mswahili, mkeo ana birika?"

Alikuwa nalo, jeusi kwa moshi, na mpaka leo hajanisamehe. Lakini nilielewa pale pale, na ninyi elewani: maji yakienda kwenye makali peke yake, makali huwa magumu na mgongo hubaki laini, unapokea pigo bila kukatika. Sime ni nyembamba, haina haja hiyo. Kisu kizito cha kufyeka kinaihitaji. Tangu siku ile kila panga zito nililoagiza lilimiminiwa maji kwa birika, na watu wakashangaa kwa nini mapanga ya Bwana Makali hayakatiki. Sasa mmejua.

Kukuri ya pili ililia kama kengele. Niliipiga kwenye gogo mpaka jasho likanitoka, haikupinda wala haikutoa hata alama. Mizani yake ilikaa juu ya kidole changu kama ndege. Nikamwita Loserian, nikamwambia, "Nimekipitisha. Kisu kama hiki hata huko kwao hawana."

Alijipaka mafuta, akaishika, akaiinua, akaishusha. Akafumba macho akaishika tena.

"Ni kizuri," akasema. "Ila sicho."

"Sicho kivipi?"

"Kinapinda mapema. Chake kilipinda hapa." Akaweka kidole mbele, upana wa ukucha tu.

Vijana, nilikasirika. Mimi, ambaye nikisema kisu ni kizuri Arusha nzima inalala, naambiwa na mteja kwamba sicho kwa upana wa ukucha. Nikamwambia baba yake hajawahi kuiona kukuri maishani mwake, atajuaje?

"Mimi nitajua," akasema.

Basi ikafuliwa ya tatu. Hiyo alipoishika hakufumba macho. Aliitazama, akatoka nje kwenda kusimama kwenye migomba. Sanare aliendelea kupanga mikaa yake kana kwamba hajaona.

Ikabaki ala. Wagurkha huweka nyuma ya ala vijifuko viwili vya visu vidogo sana, kimoja cha kazi ndogondogo na kingine butu cha kunolea. Mshonaji alishona vijifuko vyote viwili kwa ngozi ya mbuzi. Loserian akasema kifuliwe kile butu tu.

"Na hiki kifuko kingine?" nikauliza.

"Kiache."

"Nitauza kisu chenye kifuko kitupu? Watu watasema Bwana Makali ameishiwa chuma."

"Alikipoteza," akasema. "Tulikuwa tunavuka mto, matope mpaka kifuani, naye akataka kufungua kopo la nyama humohumo majini, ana njaa. Kikamponyoka. Tulicheka siku ile mpaka bwana mkubwa akatutukana." Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akatabasamu, kisha tabasamu likajifia lenyewe. "Kiache kitupu, Bwana Makali. Ndivyo kilivyokuwa."

Nikakiacha. Loserian akachovya viganja kwenye pembe yangu ya mafuta, akachukua kisu, akaenda zake. Hakuna kati yetu aliyefikiri lolote. Mwarusha anashika chuma cha Sanare, anajipaka mafuta. Hata asiyekuwa na akili timamu hufanya hivyo.

Yanayofuata niliyafunga moyoni mpaka Mzee Lomayani alipotutoka. Baada ya hapo nilimweleza Loserian. Akasema niwaeleze vijana ikiwa itawafaa.

Siku chache baada ya kisu kuondoka, nikiwa napanga sime zangu asubuhi, nilimwona Mzee Lomayani akiteremka barabara ya mlimani na bunda chini ya blanketi. Alikuwa hapendi mji. Aliingia akasimama karibu na gogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayesikiliza visu?"

"Ni mimi."

Akafungua bunda. "Sikiliza hiki."

Nikaigonga kwa ukucha. Sauti yake niliijua kama mnavyojua kikohozi cha mama zenu.

"Kinasemaje?"

"Kinasema ni chuma kizima, mzee. Hakina ufa."

"Kimezaliwa wapi?"

Kwenye chuma sikuwahi kumdanganya mtu, ndiyo iliyokuwa mali yangu. Na mbele yangu alikuwa mzee ambaye kwa neno langu moja angeweza kumwita mwanawe mwongo, na kurudi nyumbani kuweka maziwa kwenye kibuyu mpaka afe.

"Visu vya umbo hili ni vya Wagurkha, mzee. Watu wa mbali huko, ng'ambo."

"Sikukuuliza umbo."

Nikaokota kitambaa, nikaanza kuufuta ubapa usio na vumbi.

"Ero, kijana, usihangaike," akasema, na sauti yake ikawa laini. "Kimefuliwa hapo chini, kwa Sanare."

"Nani amekuambia?"

"Mwanangu. Hakufungua mdomo. Aliingia, akaketi, akamwomba dada yake mafuta ya kondoo. Akajipaka viganja, ndipo akafungua kitambaa. Akasema, baba, hiki ndicho kisu cha mdogo wangu, kimetoka Burma." Akatikisa kichwa taratibu. "Tangu lini tukajipaka mafuta kwa ajili ya vitu vya ng'ambo? Majembe ya Wazungu tunayashika hivihivi. Mkono wake ulizoea, ukafanya bila kumwuliza."

"Nawe ukamwambiaje?"

"Nikanyoosha mkono nikakipokea. Mkono mkavu."

Aliviinua viganja vyake akavitazama, na mimi nikavitazama, viganja vya mzee wa Kiarusha vilivyopasuka kwa udongo wa migomba. Ninyi mnaweza kuona ni jambo dogo. Nilikaa na watu hawa miaka mingi na sijapata kuona wala kusikia mzee wao aliyefanya vile.

"Ningejipaka," akasema, "angejua kwamba najua. Alikuwa ananitazama mikono."

Kisha akaigeuza ala, akaingiza ncha ya kidole gumba kwenye kile kifuko kitupu.

"Hili ndilo lililonileta. Hapa pana nafasi ya kitu, na kitu hakipo. Ni fundi amesahau?"

"Hakusahau, mzee. Mwanao alikataa kijazwe." Nikamweleza yote: mto, matope, kopo la nyama, na jinsi walivyocheka. Nikamweleza kisu kilichovunjika, na kile cha pili ambacho mimi mwenyewe nilikipitisha.

"Alikikataa? Na kilikuwa kizima?"

"Kizima kuliko hiki, mzee. Alisema ni kizuri, ila sicho."

Mzee Lomayani akakaa kwenye gogo, palepale alipokaa mwanawe. Nje kulikuwa na mwanamke anauza ndizi, anaita wateja, na nilitamani anyamaze kidogo.

"Mtu anayetaka kunidanganya angeniletea kilichojaa," akasema. "Huyu ameniletea chenye upungufu. Alikuwepo. Alikuwa karibu naye mpaka mwisho." Akapumua. "Na chenyewe kiko wapi?"

"Alimzika nacho. Aliniambia hakuwa na moyo wa kumvua."

"Kumbe hakulazwa mikono mitupu," mzee akasema.

Kisha akasema juu ya yule binti: leo atamwita baba yake, ili aende kwao na aolewe angali na ujana. Juu ya maziwa: kile kibuyu atawapa watoto wa dada yao. Nilingoja alitaje jina, kama alivyolitaja kila mahali kwa sauti ile. Akasema "yule mdogo". Nikajua kwamba Meliyo amekufa, asubuhi ile, bandani kwangu, kati ya sime na mapanga.

Akainuka. Kisu kilikuwa bado juu ya meza yangu.

"Una mafuta?" akauliza.

Nikamshushia pembe. Akajipaka taratibu, kiganja kwa kiganja, na katikati ya vidole, mpaka kwenye vifundo, kama mtu anayemwandaa mtoto wake kwa safari. Ndipo akakichukua. Nilimtazama akipanda barabara ya mlimani, kisu amekikumbatia juu ya blanketi, na jua lilipomfikia, mikono yake ikawa inang'aa.